Kitoweo cha Mama

Mpaka leo nikisikia mtu anausifu Pangani, mji ule wa wavuvi pale mto unapoingia baharini, moyo unanichemka. Raha zake ninazijua: watu hawana haraka, kahawa inanywewa barazani mpaka jua linakuwa kali. Lakini mji ule ulimnyima mama yangu samaki.

Tulitoka Dodoma miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa ghafla. Mama alikuwa anakwenda kumwona dada yake aliyeolewa huko. Mtaa wetu mzima wa Kizota alikwishautangazia kwamba safari hii atakula samaki wa baharini aliyevuliwa siku hiyohiyo, maana sisi tulizoea ng'onda, wakavu kama soli ya kiatu. Zawadi tuliyobeba ilikuwa karanga na mlenda wa kukausha.

Asubuhi mama mkubwa alitupeleka ufukweni, ambako mumewe na wenzake walikuwa wakivuta juya, wavu mrefu unaoburutwa kwa kamba hadi mchangani. Desturi ya pale, anayeshika kamba hupewa kitoweo. Mama akajifunga khanga kiunoni akavuta, mtu mzima wa bara ambaye hajapata kukanyaga maji ya chumvi. Changu walijaa wavuni wanarukaruka. Akakinga upindo wa khanga huku anacheka.

Karani wa tajiri mwenye nyavu akamzuia. "Mama, siku hizi hakuna kitoweo. Wote wanaingia kwenye barafu, wanakwenda Dar."

"Hata mmoja? Si nimevuta?"

"Nyavu za tajiri, samaki wa tajiri."

Nikamgeukia baba mkubwa. Alikuwa anatazama miguu yake. Hasira ikanipanda, nikamwita yule karani mwizi mbele za watu wote. Mama akanishika mkono tukaondoka, khanga yake tupu.

Mchana mama mkubwa alitandika mkeka, akafunua vyombo bila kututazama. Ugali na mlenda. Mlenda wetu wenyewe! Nikataka kusema, mama akanifinya paja. Akala, akaomba kuongezewa.

Tuliporudi Dodoma majirani walijaa uani. "Enhe, hao samaki?"

"Jamani, we acha tu," mama akasema. "Mtamu, mpaka miiba nimetafuna."

Akaendelea hadi kwenye nazi na ndimu, na jinsi dada yake alivyomuunga. Nikaingia ndani nikabamiza mlango.