Nchi Isiyo na Makaburi

Rafiki yangu, mimi utotoni niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba Sudan Kusini mtu hafi. Aliyeniambia ni jirani yetu fundi baiskeli, mwenye redio iliyosikika kutoka kwetu mpaka Kiswere, au tuseme mpaka kisimani. Julai ile redio ilitangaza kwamba Afrika imepata nchi mpya, naye akadakia huku anaziba pancha: "Imezaliwa jana, bwana! Hata kaburi moja haina!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana kwetu, huku bara ya Kilwa, neno lile lilikuwa na mantiki. Kijiji chetu nacho kilikuwa kipya. Wazee walihamishiwa pale, wakaacha makao yao ya kale porini, tukayaita mahame. Kila aliyefariki alibebwa kurudishwa mahame, akalale na watu wake. Bibi alizoea kusema, "Hapa tu wageni, hapana kaburi." Akili yangu ikajumlisha: nchi mpya haina mahame, na pasipo pa kukuzika, utakufaje?

Na mama alikuwa mgonjwa. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kijiji kizima kinanuka kiberiti, hata mbaazi chunguni zilinuka kiberiti. Mama alilala ukumbini kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba kama vinu viwili. Hospitali ya Lindi alishapelekwa, akarudishwa. Nilimpikia uji wa muhogo, mzito wa kusimamisha mwiko, kisha nikakimbilia redioni, maana nilishaamua kumpeleka kwenye nchi ile.

"Mpakani wanauliza maswali," fundi alinichochea. "Asiyeijua nchi yao haingii, ndugu yangu!"

Basi nikakariri kama mtoto wa madrasa. Jioni mama alinitahini, anahema.

"Mji mkuu?"

"Juba!"

"Mto?"

"Naili Nyeupe!"

"Bendera?"

"Nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, na nyota ya njano!"

"Jana rangi zilikuwa sita, mume wa bibi. Ya sita imekwenda wapi? Tutarudishwa mpakani sisi." Akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

Asubuhi niliwahi kwa fundi. Betri za redio alikuwa amezianika juani, na yeye mwenyewe rangi ya sita hakuikumbuka. Nikakaa nikizilinda zile betri kama mtu anayelinda mpunga. Jua lilikuwa utosini redio ilipoamka na kuitaja ile rangi, nikatimua mbio kurudi nyumbani, napiga kelele, "Bluu! Mama, bluu!"

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake. Bibi alikuwa ameshamfumba macho.

Walipobeba jeneza kuelekea mahame nilining'inia mguuni mwa mbebaji wa mbele. "Siyo huko! Siyo huko!" Walidhani ni uchungu tu. Mimi nilijua nimemuua mama kwa rangi moja.

Mwezi uliopita nilirudi. Fundi hayupo, ukumbi umebaki kichuguu. Kijiji kina makaburi yake sasa, nyuma ya uwanja wa mpira, na mahame hapapelekwi mtu tena. Njia imemezwa na vichaka. Nilikata miiba mpaka shati likawa wavu, nikalifikia kaburi, nikampa mama habari za shule ya jioni, kule Lindi, nilikoanza nikiwa na ndevu za kufagilia darasa.

Siku moja somo lilikuwa nchi za Afrika. Nikasimama, nikataja Juba, mto, rangi zote sita, halafu nikamalizia: wala haina makaburi. Mwenzetu mmoja, dereva bodaboda, akaangua kicheko: "Kaka, si uhamie!" Mwalimu wetu, mama mtu mzima, hakucheka. Wenzangu walipoondoka akaniuliza nimeyatoa wapi, nikamweleza yote, mpaka zile betri.

Akafuta ubao kwanza, taratibu. "Ile nyekundu ni damu, mwanangu. Kule wamezikana vizazi na vizazi kabla bendera haijapanda. Nchi ndiyo mpya, ardhi si mpya. Na mama yako alikuwa anaumwa. Hata ungeikumbuka bluu, angekufa."