Ukaguzi Uliozimwa Kimyakimya

Wifi yangu anaandika programu za kompyuta, mimi ni mshonaji. Tunaishi nyumba moja, kwa hiyo kazi yake naijua kwa kusikia. Akipanga skrini hukata vipande vya karatasi, hiki kisanduku cha jina, hiki cha uzito, akavisogezasogeza juu ya meza yangu ya kukatia nguo mpaka jicho lisijikwae popote. Nikimfukuza anasema, "Subiri kidogo wifi, huyu uzito hajapata pa kukaa."

Lugha anayoandikia, kwa maelezo yake, haina maswali. Ukiipa namba inapokea, ukiipa neno inapokea, na kosa hulioni mpaka programu iko kazini. Tena tano ikiingia kama maandishi, ukiiambia ijumlishe tano na tano haikupi kumi. Inazibandika tu, unapata hamsini na tano. Ndiyo maana akatunga ukaguzi wake: kila kisanduku kinaulizwa, ulichobeba ni namba au maneno? Na ofisini akaweka desturi. Anayezima ukaguzi, hata kwa kujaribu kitu, asimame aseme kwa sauti, "Nimezima!" Walimcheka, wakamwita Mama Ukaguzi, lakini walisimama.

Aliyecheka kuliko wote ni Asali, jina alilopewa kwa utamu wa ulimi. Alikuja hajui kitu. Wifi akamfundisha kupanga skrini, akamgawia meza yake, chakula chake, hata siri za ndoa yake na kaka yangu. Nilimwonya, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akanijibu, "Wewe na futi yako, kila mtu unampima!"

Wakapata kazi ya zahanati, programu ya kukokotoa vipimo vya dawa za maji za watoto. Wifi aliahidiwa kwamba ikifanikiwa atakuwa mkuu wa chumba chao, na hicho cheo alikitamani tangu aanze kazi. Siku ya kuwaonyesha wenye zahanati, maonyo mekundu ya ukaguzi yakawa yanachomoza chini ya visanduku na kuusukuma mpangilio wa Asali, mpaka kitufe cha kuhifadhi kikatoka nje ya skrini. Asali akaona aibu. Wenzake wakiwa nje wanapokea wageni, wifi akiwa msalani, akazima ukaguzi, akanyamaza. Skrini ikapendeza, wageni wakapiga makofi, na programu ikaenda zahanati vilevile.

Haukupita muda muuguzi akapiga simu. Mtoto wa kunywa mililita tano asubuhi na tano jioni ameandikiwa hamsini na tano kwa siku. Mungu saidia, muuguzi mwenyewe alishtuka kabla ya kumimina.

Asali akamvuta wifi kwenye ngazi, analia. "Ni mimi, shoga. Niliona haya tu. Usinitaje peke yangu, watanifukuza." Na wifi, mtu asiyejua kusema hapana, akakubali. Mbele ya meneja akasema, "Tumekosea sisi wawili. Tuadhibu wote."

Meneja akamgeukia Asali. Asali akajifuta machozi.

"Bosi, mimi napanga visanduku tu. Ukaguzi ni wa dada. Nyinyi mlikuwa nje na wageni, lakini mimi nilimsikia kwa masikio yangu akisema, 'Nimezima!'"

Wifi ameshakiri nusu kwa mdomo wake, hiyo nusu nyingine nani angeamini si yake? Wakamsimamisha kazi, ukuu wa chumba akapewa Asali. Mimi nilitaka kwenda kumng'oa nywele, nasema wazi, na hata leo mkono unaniwasha.

Kesho yake simu ya wifi ikalia. "Shoga," anasema Asali kwa sauti ileile ya asali, "ule ukaguzi nilijua kuuzima tu, unawashwaje? Zahanati wananisumbua." Nikamfanyia wifi ishara akate. Akatikisa kichwa. "Wale ni watoto, wifi," akaninong'oneza.

Akamwelekeza hatua kwa hatua, bila neno baya. "Sasa andika neno kwenye uzito. Umeona nyekundu? Basi, umewaka."

"Asante, shoga. Nilijua tu wewe huwezi kunitupa."

Wifi akaiweka simu juu ya kitambaa cha mteja wangu, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia tangu kaka yangu amlete nyumbani.