Sweta za Kemuma

"Mama, mbona sweta ya mitumba haitoboki kiwiko, na hii yako imetoboka muhula haujaisha?"

Benta alimwuliza Kemuma hivyo akiwa darasa la nne, kidole amekipenyeza kwenye tundu. Mama yake mzazi, aliyekuja naye, akamfinya. Kemuma aliendelea kusukuma mashine yake ya kufuma, krr, krr, akasema tu, "Vua, nikushonee."

Kemuma alitoka Kisii, akaja mjini Migori na mashine ile moja, nayo ikamlelea watoto. Shule ya akina Benta ilikuwa na sheria: sweta ifumwe kwake, si kwingine. Aliyevaa ya mitumba alirudishwa nyumbani. Lakini miaka hiyo ya tisini marobota yalimwagwa sokoni, sweta za ng'ambo, buluu ileile, bei ya kutupa. Wazazi wakanung'unika hadi mkutano ukaitwa.

"Sweta ni sweta!" alisema Barnabas, muuza samaki. "Mtoto anasoma na kichwa, hasomi na sweta!"

Watu wakaangua kicheko. Kemuma akasimama. "Mkifungua huo mlango leo, kesho nauza mashine. Na hawa wasichana wawili ninaowafunza kazi, Barnabas, utawapeleka wakaparue samaki wako?"

Ndipo Mzee Maroa, mfugaji wa Kikuria, akasema polepole: "Ndama hunyonya, ni haki yake. Lakini akiota pembe na bado ananyonya, anamtoboa mamake. Tumpe Kemuma mwaka mmoja wa sheria hii, kisha aachishwe."

Hoja ikapita.

Kemuma aliondoka amenuna. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwenye mitumba, akanunua sweta, akaifumua kiwiko. Akakuta nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, na yeye siku zote alitumia mmoja. Tangu hapo viwiko vyake vyote vikawa vya nyuzi mbili. Mwaka ulipoisha na sheria ikaondolewa, wengine walimkimbia, lakini wengi wakabaki. Hata shule moja ya Homa Bay, ambako hakuna aliyelazimishwa kuja kwake, ikaagiza.

Benta alipofika kidato cha tatu, walifundishwa habari za viwanda vichanga na ushuru unaotozwa bidhaa za nje ili kuvilinda. Jioni hiyo hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa Kemuma, akamwuliza: uzi wa pili si ghali, kwa nini hakuutia tangu mwanzo?

Kemuma alisimamisha mashine, akacheka kidogo.

"Mlikuwa mnakuja tu, mwanangu. Hata ningefuma kwa nyasi, mngekuja."