Libérate, mpagazi wa Kalundu anayejua kila mlango wa gini Uvira

Saa tisa alasiri meli kutoka Kalemie inafunga kamba Kalundu, bandari ya Uvira upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na wapagazi wanasogea gatini kabla hata ubao wa kushukia haujawekwa. Wanaume wanapiga kelele, wanasukumana, kila mmoja anamwita abiria kana kwamba ni ndugu yake. Libérate Inamahoro hapigi kelele. Amesimama pembeni, ngata ya kitenge mkononi, anasoma nyuso.

"Yule," anasema, akimwonyesha kwa kidevu mwanamume mwenye suti ya kahawia anayejifuta jasho shingoni. "Huyo kiu imemushika. Na haiko kiu ya maji."

Hajakosea. Evariste, mfanyabiashara wa vitambaa, anamkabidhi masanduku mawili, halafu anainama na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Mama, mu mji huu gini ya kweli iko wapi? Ya kweli, si ile ya kupikwa kichakani."

Libérate anajitwisha sanduku la kwanza, la pili anashika mkononi. "Unataka kukaa ukisikia muziki, ao ukisikia ziwa?"

"Ziwa."

"Basi nifuate. Na pale usikanyage, kuko matope."

Ana umri wa miaka arobaini na moja, shingo imara na mwendo usio na haraka. Mzigo mmoja kutoka gatini hadi mjini humpatia makuta kumi. Kumwonyesha mgeni bar nzuri ni bure. Wenye bar wamejaribu mara nyingi kumpa chochote ili awapelekee wageni, naye amekataa mara zote.

"Nikikamata pesa ya bar, mudomo wangu unakuwa wa bar," anasema. "Sasa ni wangu."

Ukimuuliza bar nzuri ni ipi, hakupi jina kwanza. Anakuambia chupa ifunguliwe mbele ya macho yako. Ndimu ikatwe baada ya wewe kukaa, si asubuhi. Friji ya mafuta ya taa isikike ikinguruma huko nyuma, maana ikinyamaza barafu haiko, na gini isiyo na barafu katika joto la Uvira ni adhabu. Na tena, anaongeza, mwanamke aweze kupita mlangoni bila kushikwa mkono.

Katika mtaa wa Kimanga anajua bar ya muziki ambako sahani za santuri hazina mikwaruzo. Katika mtaa wa Mulongwe anajua nyumba ndogo isiyo na kibao, ambako mwenye nyumba huchanganya gini na maji ya tangawizi. Ipo pia moja ambayo hampeleki mtu. Huko wanajaza kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ndani ya chupa za Ulaya.

"Kanyanga haina kosa," anasema. "Watu wa kwetu wanaipika na wanaikunywa, na wanasema jina lake. Kosa ni kuivalisha koti ya muzungu."

Kwao ni Runingu, katika bonde la Ruzizi, ambako wazazi wake walilima pamba na mihogo. Aliolewa na Ndikumana, kijana wa bondeni aliyekuwa akipakia meli hapa Kalundu. Siku moja, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kreti la vyuma lilimponyoka mwenzake likamwangukia Ndikumana na kumponda mguu. Hakuinua tena mzigo.

Libérate alikaa nyumbani akamuuguza mpaka akiba ikaisha. Ndipo alipochukua ngata ya mumewe akashuka gatini. Wanaume walicheka. Mmoja alimwambia mzigo wa mwanamke ni mtoto na mtungi.

"Nikamwambia, mtoto tunamubeba mgongoni miaka miwili, weye gunia unalibeba dakika ngapi?" anakumbuka, na bado anacheka.

Mizigo yake mingi siku hizo ilikuwa makreti ya chupa. Aliyapeleka kwenye bar moja iliyo ukingoni mwa ziwa, mali ya mzungu, na daima alipitia mlango wa nyuma, ambako mpishi aliyeitwa Georgette alimpokea kwa kikombe cha chai. Wawili hao walizoeana. Chupa Libérate alizijua kwa uzito wake tu. Kilichomo ndani hakuwahi kukionja.

Uhuru ulipofika, mzungu aliuza bar na kuondoka. Georgette aliinunua kwa akiba yake na ya kaka zake, akaandika mlangoni "Chez Georgette". Jioni ya kwanza alimwita rafiki yake apitie mbele, akamkalisha barazani, akammiminia bilauri.

"Ilinichoma ulimi, nikadhani nimekunywa dawa ya mbu," asema Libérate. "Lakini niliimaliza. Siku ile haikuwa siku ya kuacha kitu mu bilauri. Watu walikuwa wananitania, ati Libérate kwa Kifaransa ni aliyekombolewa, basi uhuru umeitwa kwa jina langu."

Gini yenyewe hakuipenda, na hadi leo haimpendezi. Alichopenda ni lile baraza. Aliona watu waliovaa vizuri wakizungumza polepole, hakuna anayefukuzwa, hakuna anayeitwa "boyi". Kesho yake abiria mmoja gatini alipouliza pa kunywea, alimpeleka huko moja kwa moja. Ndivyo kazi yake ya pili ilivyoanza.

Kisha ziwa likapanda. Wakazi wa pwani hii hawajasahau miaka ile maji yalipokuja juu yakameza nyumba na mashamba. Kwa Georgette yalifika kwenye ngazi za baraza, yakaingia chini ya meza. Wateja walivua viatu wakanywa miguu ikiwa majini, na Libérate akaona hapo sababu ya kujivunia. "Niliwaambia wageni, Bujumbura mutakunywa gini, lakini samaki hawatawasalimia vidole."

Kicheko hicho kilikatika mwaka 1964, waasi walipoingia Uvira.

Maduka yalifungwa, meli zikaacha kuja. Bar hazikufungwa kwa sababu hazikuruhusiwa kufungwa. Vijana wenye bunduki waliingia usiku na mchana, wakanywa bila kipimo, wakaanza kugombana wao kwa wao. Huko Kimanga mhudumu aliyeitwa Léopold aliwaambia gini imekwisha, na kweli ilikuwa imekwisha. Walimpiga risasi nyuma ya kaunta yake.

"Léopold alikuwa mutu wa kuimba akisuuza bilauri," anasema Libérate. "Nilikuwa ninampelekea wageni."

Asubuhi baada ya mazishi, kiongozi mmoja wa waasi alikuja kwake na vijana sita. Aliitwa Placide, na kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndikumana alikuwa amekaa mlangoni, mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda. Alijaribu kusimama, Placide akamwashiria akae.

"Mama, wanasema weye ndiye unajua nyumba zote za gini," alisema. "Hata zile zisizo na kibao. Twende unionyeshe."

"Minye ninapeleka wageni," Libérate alijibu. "Sipeleki bunduki."

Vijana wakasogea. Placide akawazuia kwa mkono. "Sitaki kunywa. Ninataka kuimwaga yote. Dawa yetu ya kuzuia risasi haipatani na pombe, hivyo waganga wanasema. Na bunduki haipatani na pombe. Hiyo ya pili sihitaji muganga aniambie. Nimezika vijana wangu wawili waliouana wenyewe, na jana mulimuzika mutu wenu."

Libérate anasema hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu alimwamini. Kukataa kulikuwa kuwaachia walevi mji. Kukubali kulikuwa kuwaharibia kazi watu waliomwamini, na Georgette wa kwanza wao. Alimtazama mumewe. Ndikumana alimwokotea viatu vyake.

Alitoa masharti, na yeye mwenyewe hadi leo anashangaa alikopata sauti. Yeye ndiye atakayepiga hodi. Hakuna mlango utakaovunjwa. Hakuna mwenye bar atakayepigwa, na hakuna mwanamke wa kazi atakayeguswa, siku hiyo wala siku zinazofuata. Placide alifikiri, kisha akawaambia vijana wake warudie maneno hayo mbele ya mama, mmoja mmoja, kama darasani. Wakayarudia.

Walizunguka mji kutwa nzima. Kwa Georgette walifika mwisho, kwa sababu Libérate alikuwa akikwepa njia hiyo.

"Libérate?" Georgette aliuliza alipofungua. "Weye ndiye unawaleta?"

"Minye ndiye. Afadhali minye nipige hodi kuliko wao wavunje."

Chupa zilitolewa kabatini moja moja, zikafunguliwa, zikamwagwa ziwani kutoka kwenye ngazi za baraza. Harufu ilipanda hadi barabarani. Georgette hakulia wala kutukana. Alisimama mikono nyuma, akimtazama rafiki yake mpaka chupa ya mwisho, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Placide alishika ahadi yake. Aliyekamatwa na pombe alinyang'anywa bunduki hadharani. Usiku wa Uvira ukatulia, na hakuna mhudumu mwingine aliyeuawa. Lakini wenye bar hawakumpa Libérate salamu. Sokoni walimgeuzia mgongo, wakamwita mama wa waasi. Wiki nyingi Ndikumana na mkewe walikula mihogo waliyotumiwa kutoka Runingu.

Jeshi la serikali liliporudi, lilikuta jina lake tayari limeshatajwa. Askari walimchukua nyumbani, wakamfungia pamoja na wengine ndani ya ghala la pamba. Kila asubuhi waliita watu. Baadhi ya walioitwa hawakurudi, na waliobaki hawakuuliza.

Siku yake ilipofika alisimamishwa uani mbele ya luteni na umati wa watu. Luteni aliuliza kama ni kweli aliwaongoza waasi mlango hadi mlango. Akajibu ni kweli. Luteni akauliza kama yupo mtu wa kumsemea. Watu waliangalia chini.

Kisha Georgette akapita katikati yao. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Minye ni mwenye bar," alisema. "Huyu mwanamuke aliwaleta kwangu, na walimwaga mali yangu yote."

Libérate anasema hapo alifunga macho, akaanza Salamu Maria.

"Kwa hiyo umekuja kumushitaki," luteni alisema.

"Nimekuja kusema namna ilivyokuwa. Chupa zinanunuliwa. Niko na wasichana watatu wanaofanya kazi kwangu, na hakuna hata mumoja aliyeguswa, kwa sababu huyu alisimama mbele ya bunduki akaomba wasiguswe. Mutu mwingine alisimama wapi? Minye mwenyewe sikusimama. Nilifunga mulango."

Nyuma yake mhudumu kutoka Mulongwe akasema ni kweli. Mjane wa Léopold akasema kama pombe ingemwagwa siku chache mapema, angekuwa na mume. Sauti zikaongezeka mpaka luteni akainua mkono. Akamwambia Libérate aende nyumbani akambebee mumewe maji.

Wanawake wawili walitembea pamoja hadi njia panda. Hapo Georgette alisimama. Libérate leo anayatoa maneno ya rafiki yake kwa kuiga sauti yake, kidole juu: "Sijakusamehe. Meli zikirudi, uniletee wageni."

Meli zilirudi. Alimletea.

Leo Evariste amekaa barazani kwa Georgette, suti imefunguliwa vifungo, bilauri imetoka jasho la barafu mkononi mwake. Maji ya ziwa yameshuka na kuacha alama ya kahawia ukutani, juu kidogo ya magoti. Evariste anaonja, anafumba macho, anatikisa kichwa polepole. Georgette, ambaye sasa ana mvi, anapita na kitambaa begani.

"Amekuambia yangu ndiyo nzuri kuliko zote?" anamuuliza mteja.

"Alisema ndiyo ya kusikia ziwa."

"Muoga," Georgette anasema, na Libérate anaangua kicheko.

Lakini Georgette anajua, na mji unajua, kwamba huenda wateja wanaoletwa hapa wakapungua. Kwenye mteremko nyuma ya Kalundu, mahali ambapo maji hayakufika hata katika miaka mibaya, Libérate amepata kiwanja. Siku zisizo na meli hubeba mawe kutoka mto Mulongwe, kichwani, jiwe kwa jiwe. Msingi umeshatoka ardhini. Itakuwa bar ya meza tano na friji moja, na Ndikumana atakaa kaunta, kazi isiyohitaji mguu.

"Alinikabidhi ngata yake," anasema Libérate. "Minye nitamukabidhi ufunguo."

Anapanda hadi kwenye msingi huo kumwonyesha mwandishi, hatua nzito, kifua mbele. Kutoka juu bandari yote inaonekana, na nyuma yake ziwa, na ng'ambo milima ya Burundi. Anaulizwa kwa nini amejitafutia mlima, wakati wageni wamechoka na safari na bar za chini ziko karibu.

Libérate anasimama mahali atakapoweka mlango, anatazama maji.

"Kwa sababu taa yake itaonekana kutoka mbali, kabla meli haijafunga kamba," anasema. "Mutu akishuka Kalundu, hatakuwa na haja ya kuuliza."