Baba Alipokatazwa Kuungama

Harufu ya siraji, ile dawa nyeusi ya viatu inayouzwa ndani ya kikopo bapa, hunirudisha Likasi, mji wa shaba huko Kongo, hata nikiwa mbali nayo. Inatosha nipite karibu na mtu anayesugua viatu vyake, mara naona baraza la nyumba yetu ya mtaa wa Kikula, Jumamosi alasiri, na baba ameketi juu ya kigoda, mkono wake wa kushoto umevaa kiatu kimoja, anasugua.

Siku za kazi viatu vyake vilijaa vumbi jekundu hadi kwenye kamba na hakuna aliyejali. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shaba, na fundi hatazamwi viatu. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya kuungama. Alioga, akavaa koti lake la kahawia, akaenda parokiani kwa miguu, akakaa mwisho kabisa wa foleni mbele ya kile kibanda cha mbao ambamo Abe Donasiani, padri wetu, alisikiliza dhambi za watu. Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, na iliyofuata tena. Wanawake wa mtaa walimsifu mama kwa kupata mume mcha Mungu. Mama aliitika tu "Eeh," akaendelea kuchagua maharage.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, na kitu kimoja kilinisumbua. Jumapili, watu walipojipanga kwenda kupokea, baba hakusimama. Aligeuza magoti pembeni ili wengine wapite, akabaki peke yake kwenye benchi. Katekista wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa ametufundisha kwamba mtu akiungama kwa majuto ya kweli, padri akamwondolea dhambi kwa jina la Mungu, basi dhambi hizo zimeondoka, naye anaalikwa mezani. Sasa baba alikuwa anafanya nini? Nilimwona kama mtu anayeoga kila siku asitoke bafuni. Nikaanza kuogopa kwamba huenda aliua mtu.

Hakuua. Mama ndiye aliyenieleza baadaye yale niliyokuwa nimeyaona kwa macho yangu bila kuyaunganisha.

Baba alikuwa na mdogo wake, Kalala, ambaye sisi watoto tulimwita baba mudogo. Wazazi wao, waliokuja kutoka Kasai kutafuta kazi za mgodini, walikufa mapema, na baba ndiye aliyemlea. Walipendana kwa makelele. Kalala akichelewa kurudi, baba anafoka. Baba akifoka, Kalala anamwigiza anavyofoka, kidole juu na shingo imetoka mishipa, mpaka baba anageuza uso ukutani ili tusimwone anacheka. Nyumba yetu iliishi na kelele hizo kama nyingine zinavyoishi na redio.

Siku moja sanduku la vyombo vya baba, lenye spana na bisibisi zake zote, halikuonekana. Vyombo hivyo ndivyo vilivyotulisha. Alitafuta chini ya vitanda, akatafuta nyuma ya choo, kisha akamgeukia Kalala, ambaye siku hizo alikuwa anapenda kukaa na marafiki penye bia.

"Umeuzisha vyombo vyangu."

"Minye? Yaya, minye sikugusa." Yaya, kwetu, ni kaka mkubwa, na minye ni mimi.

"Basi ni nani? Hawa batoto? Mwizi hatalala mu nyumba yangu. Toka!"

Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alisimama mlangoni akimwita kwa jina langu, "Baba Ngalula, ngoja kwanza, tuulize muzuri," lakini baba alikuwa ameshatupa mfuko wa nguo za Kalala uani, kwenye matope. Kalala aliuokota. Siku hiyo hakumwigiza mtu. Alituangalia sisi watoto mmoja mmoja, akaondoka.

Tulisikia amekwenda Kamatanda kuchimba madini kwa mikono pamoja na vijana wenzake. Na kabla mvua za mwaka huo hazijaisha, Papa Ilunga, mtu aliyefanya kazi na baba, alifika kwetu amebeba lile sanduku begani. Aliomba radhi kwa kukawia: alikuwa amesafiri kwenda Mwadingusha kwa msiba. Baba mwenyewe ndiye aliyemwazima, mwisho wa zamu, amechoka, akasahau kabisa. Papa Ilunga alikunywa maji, akashukuru tena, akaenda zake. Sidhani alielewa kwa nini mtu anayerudishiwa vyombo vyake anakaa chini sakafuni.

Baba aliondoka siku hiyo hiyo kwenda Kamatanda, mama akamfuata. Walichelewa. Udongo wa shimo ulikuwa umemporomokea Kalala, na alikuwa hospitalini, mguu umepondeka chini ya goti. Madaktari waliuokoa, lakini haukunyooka tena.

Mama aliniambia kwamba baba alipiga magoti kando ya kitanda, mbele ya wagonjwa wote, akasema yote bila kujitetea. Kalala alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Yaya, ilishaisha. Nimekusamehe. Uniletee tu bukari ya nyumbani, chakula ya hapa haina chumvi." Bukari ndiyo ugali wetu.

Alirudi kwetu na fimbo. Akaanza kutengeneza redio za majirani mbele ya nyumba, na mikono yake ilikuwa myepesi kama zamani. Lakini kelele hazikurudi. Baba alimwachia kiti chake. Alimpa paja la kuku. Alizungumza naye taratibu, kama mtu anavyozungumza na mgeni mwenye cheo. Kalala alijaribu kuchelewa kwa makusudi, baba alimpokea mlangoni akisema, "Umefika salama? Asante Mungu." Kalala alibaki amesimama pale, kama anayengoja kitu kingine, kisha akaenda kulala. Na kila waliposemezana, macho ya baba yaliteremka mpaka kwenye ule mguu, yakakaa huko.

Basi hiyo ndiyo dhambi iliyokuwa ikipelekwa parokiani kila Jumamosi.

Siku moja kabla ya komunyo yangu, sisi watoto tulipelekwa kuungama kwa mara ya kwanza. Zangu zilikuwa dhambi za sukari na za kumsingizia paka. Nilitoka mle ndani mwepesi, nikataka kukimbia, nikakumbuka nilipo. Baba aliingia baada ya watoto wote. Kwa kawaida alikaa humo muda mrefu. Siku hiyo alitoka upesi, uso kama wa mtu aliyepigwa kofi, akatembea mbele yangu hadi nyumbani.

Jioni aliisukuma sahani pembeni.

"Abe anakatala kunisikiliza," alimwambia mama.

"Anakatala aje?"

"Anasema: ile zambi ulinipatia zamani, na nilikuondolea kwa jina la Mungu. Kama uko na ingine, sema. Kama ni ile, haiko tena. Minye nitaondoa nini? Akasema kila Jumamosi niko naenda kumuita Mungu muongo."

Mama alitazama chakula chake. "Minye pia niliwaza vile," alisema, "lakini minye si padri."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, wakati wa lile joto linalobana watu kabla ya mvua. Baba alikuwa na shati moja jeupe, la siku kubwa tu. Kalala aliamka kabla yetu sote, akawasha pasi ya makaa, akalinyoosha juu ya meza ili limngoje kaka yake likiwa tayari. Nadhani alitaka kutia mkono wake katika siku yangu. Akaanza kunitania kuhusu gauni langu, na tulikuwa bado tunacheka harufu ya kuungua ilipotufikia. Alipoinua pasi, mgongoni mwa shati palikuwa na alama yake kamili, ya kahawia, nchani imetoboka.

Baba alitoka kuoga, taulo shingoni. Aliona. Mama aliacha kunisuka. Baba akasema kwa ile sauti yake ya wageni, "Haina neno, ndugu yangu. Pole. Hukuungua mukono?"

Kalala aliipiga fimbo yake chini.

"Apana! Unikaripie!"

"Nini?"

"Nimekuchomea shemizi! Uko na moja tu! Zamani ungenitukana mpaka bajirani batoke inje. Sasa unaniambia pole. Minye ni mugeni hapa? Nilikusamehe, yaya, na nilisamehe kweli. Weye ndiye unakatala kukamata musamaha. Kila siku uko naangalia muguu. Angalia uso! Minye niko huku juu!"

Niliona macho ya baba yakipanda. Yalikuwa yamekwenda mguuni kama kawaida, yakapanda taratibu hadi kifuani kwa Kalala, hadi usoni, yakabaki hapo. Alimtazama mdogo wake kama mtu anayempokea msafiri stesheni. Kisha akalitazama shati.

"Mupumbavu weye!" alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akajaribu tena, na safari hii kidole kilipanda. "Mupumbavu! Nani alikuambia ukamate pasi? Tangu utoto uko naharibu bintu byangu! Siku ya mutoto wangu!" Alifoka, na machozi yanamtiririka, na hakuacha kufoka. Kalala aliegemea fimbo, akainua kidole, akatoa mishipa ya shingo: "Mupumbavu weye!" Mama alicheka hadi akashika ukuta. Jirani alichungulia juu ya ua kuuliza kama kuna msiba.

Baba alikwenda kanisani na shati hilo hilo, koti juu yake, jasho likimchuruzika. Sisi watoto tulipomaliza kupokea, foleni ya wakubwa ikaanza. Tulikuwa tumekatazwa kugeuka. Niligeuka. Baba alikuwa amesimama kwenye foleni, na nyuma yake Kalala na fimbo. Nikakumbuka kwamba alikuwa ametukana asubuhi ile ile, nikaogopa Abe atamrudisha. Hakumrudisha. Baba alipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

Mchana, kwenye sherehe uani, joto lilimshinda. Alivua koti mbele ya wageni wote, na walipouliza ile alama ni ya nini, alimwelekezea Kalala kidevu na kuanza upya kumkaripia.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha shati. Baba bado huungama, mara chache, kama watu wengine. Sijui husema nini, na sijauliza. Ila nilipokua na kuwa na makosa ya mtu mzima, nilianza kuziangalia zile Jumamosi kwa namna nyingine. Utotoni nilidhani ni uchaji, kisha nikadhani ni majuto. Sasa naona baba alitaka kugharimia mwenyewe, kidogo kidogo, kitu alichokwisha kupewa bure na Mungu, na mdogo wake pia. Na aliyeumia kwa jambo hilo hakuwa yeye peke yake. Aliumia pia Kalala, aliyelala chini ya paa moja na kaka yake, akala naye sahani moja, na muda wote huo alikuwa anamkosa yule yaya anayemfokea.