Mwalimu wa Nyatiti wa Mjukuu Wangu

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kwa nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane, hakuna wa kunidanganya. Baba yangu alipiga, mume wangu akapiga, na mimi nimewapikia wapigaji maisha yangu yote. Basi mjukuu wangu wa kike aliposema, "Dani," ndivyo anavyoniita bibi yake, "nataka kujifunza nyatiti ya babu," sikucheka.

Aliyecheka ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu. Kisha akakasirika. Kwetu Wajaluo nyatiti ni ya wanaume. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, akatanua miguu, na pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu ikawa inagonga mbao.

"Msichana atanue miguu mbele ya watu? Hiyo nyatiti ni ya ukoo. Nitakuja kuichukua."

"Njoo," nikamwambia. Halafu nikaenda kutafuta mwalimu.

Wa kwanza alikuwa Homa Bay mjini. Vyeti vinne ukutani, kila kimoja ndani ya kioo. Mjukuu akanisomea vyote, nikasema hapa tumefika. Asubuhi ile nilikuwa nimelegeza nyuzi zote nane kusudi, mimi mwanamke, kwa mikono yangu hii, maana asiyejua kuzikaza atafundisha nini? Mwalimu mwenyewe, kijana, akatoa simu ya kupimia sauti, akaitazama, akakaza uzi mmoja mmoja. Akapiga vizuri, sitamsingizia. Lakini mtoto alipokaa kwenye kigoda, kijana akainyanyua nyatiti akaiweka mezani.

"Yeye atapiga akiwa amesimama, mama. Kwa heshima. Pete hahitaji."

"Na mguu utagonga nini? Hewa?"

"Kwenye maonyesho hakuna anayeangalia mguu."

"Mwalimu, nimekuletea mtoto mzima. Usimfundishe nusu."

Nikaifunga nyatiti kwa leso, tukaondoka. Vyeti vilibaki vikimwangalia.

Wa pili alikuwa Sori, kando ya ziwa, mzee anayeshona nyavu. Cheti hana. Nikamuuliza amesomea wapi.

"Matangani," akasema, bila kuacha sindano yake. "Mpigaji akikosea matangani, wenye msiba wanamfukuza."

Nikamuuliza amefundisha nani. Akataja sita, na wawili kati yao nilishawasikia, wanapiga mpaka unasahau ulichokuja kulilia. Hapo nikaitoa nyatiti, nyuzi nimezilegeza tena. Hakuzigusa.

"Mtoto, imba."

Nikaanza kumchagulia mtoto wimbo.

"Mama, wewe nyamaza. Anayefundishwa ni nani?"

Yawa! Tangu nifiwe na mume hakuna aliyeninyamazisha. Nikanyamaza. Mtoto akaimba, na mzee akakaza nyuzi akiifuata sauti yake. "Zilikuwa zimezoea koo la babu yako," akamwambia. "Sasa zizoee lako."

"Na kukaa je?" nikauliza. "Si unajua ni msichana?"

"Ana makalio?"

"Anayo."

"Basi atakaa. Jumamosi avae suruali."

Jumamosi hiyo pete ilikuwa kubwa kwa dole lake, mzee akaizungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Siku hiyo hiyo mguu ukagonga. Vibaya, lakini uligonga.

Mwezi wa tatu wa mafunzo shemeji akaja kweli, na gunia la kubebea nyatiti. Mtoto alikuwa uani kwenye kigoda, suruali mwilini, miguu huku na huku, anaimba.

"Mwambie asimame," shemeji akasema.

"Mwambie mwenyewe."

Akamwita mara moja, akamwita mara ya pili. Mtoto hakusikia, au alisikia. Wimbo ulipoisha akaanza mwingine papo hapo, mguu haukupumzika. Majirani walishajaa kwenye ua, mmoja akaanza kupiga makofi. Nikamletea shemeji kiti. Akakikataa. Alisimama na gunia lake mpaka jasho likamtoka, kisha akalikunja, akaliweka kwapani, akaenda zake. Nami sikumsindikiza.