Macho na Ukuta wa Kushoto

Kiwandani mume wangu walimwita Macho, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya taa kubwa nyeupe, chupa zinampitia moja moja, yeye anatafuta ufa au kiputo cha hewa kilichonasa ndani ya kioo. Chupa nene za mvinyo, zile ambazo kiwanda chao huzitia nukta tatu kwenye kitako, zilikuwa zake peke yake; siku akiumwa, mashine ya chupa hizo ilisimama. Akiona kasoro mkono ulikwenda wenyewe: chupa inarushwa kwenye pipa la chuma kulia kwake, inavunjika, vigae vinarudi tanuruni. Hata nyumbani hanywi maji mpaka ainue glasi dirishani. Nimegombana naye kwa hilo mpaka nimechoka.

Alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu. Kisha asubuhi moja, chai imepoa mbele yake, akasema, "Dereva, unajua mimi maisha yangu yote nimetazama vitu vitupu?" Ananiita Dereva kwa sababu nimeendesha gari la mikate miaka ishirini, na yeye hata baiskeli inamshinda. "Sijawahi kuona hata moja ina kitu ndani. Zinatoka tupu, zinavuka mpaka, basi. Ningelala nyumbani miaka yote ile, nani angejua?"

Nilitaka kumwambia aache upuuzi, mdomo ulishafunguka. Lakini hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu amelea watoto watatu kwa macho yake mawili, halafu ananiambia hakuwepo. Nikamwambia, "Basi twende zinakokwenda," nikaenda kupima upepo wa matairi kabla hajapata sababu ya kukataa.

Mpakani tulipewa fomu. Mimi ndiye niliyejaza zote mbili, maana mwandiko wake ni wa kuku. Kwenye nafasi ya kazi nikamwandikia kuwa amestaafu. Alichukua kalamu, akaifuta ile kauli yangu kwa mstari mmoja mrefu, akairudisha fomu dirishani. Afisa alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

Safari ya siku moja tuliifanya siku tatu. Mguu wangu umezoea breki, kila kona nasimama kama kuna duka linasubiri mikate. "Polepole mama," alinitania, "mikate imeshafika." Nilifurahi kusikia anatania.

Siku ya pili tulipanda mlima mmoja, tukashuka upande wa pili, nikazima gari katikati ya barabara. Sikujua kwamba ardhi inaweza kuwa vile. Vilima vyote, mpaka macho yanapoishia, vimesukwa mistari ya mizabibu kama kichwa cha msichana anayejiandaa kwenda shule kesho. Mama mmoja aliyekuwa akikata matawi kando ya barabara alituonyesha shina nene kuliko paja langu, akasema lilipandwa na bibi wa bibi yake, na bado linazaa. Macho aliliwekea kiganja. Tulisimama pale mpaka yule mama akamaliza mstari mzima na kurudi, na hakuna aliyejisikia kuondoka.

Siku ya tatu tukafika penye shamba kubwa la mizabibu linaloruhusu wageni kuingia. Tulipitishwa kwenye chumba ambamo chupa tupu zimepangwa kwenye rafu zikisubiri kujazwa. Nilimgeukia kumwonyesha mashine, na nikachelewa. Alikuwa ameshachukua chupa moja, ameshaiinua kwenye taa, na mkono umeshakwenda wenyewe. Pipa la taka lilikuwa kulia kwake. Chupa ikavunjika humo vipande vipande.

Akaja mtunza ghala, mzee mwenye kovu kutoka sikioni mpaka kidevuni. "Nani amevunja?"

Nikajitupa mbele kuomba radhi, nikimlaani Macho kimoyomoyo. Lakini Macho alinipita, akainama pipani, akatoa kipande. "Ilikuwa na kiputo," akasema. "Hapa begani."

Mtunza ghala alivaa miwani, akakitazama kile kigae kwenye taa, muda mrefu. "Mimi hata kwa miwani nakiona kwa shida," akasema taratibu. "Njooni."

Tulishuka ngazi nyingi chini ya ardhi. Njiani alitueleza kwamba mvinyo wao una mapovu, na kwa miaka mitatu mapovu hayo yanasukuma kioo kutoka ndani, usiku na mchana. Chupa yenye kiputo haivumilii, inalipuka. Akagusa kovu lake. "Chupa moja tu ndiyo iliyonifanya hivi." Akavaa kinyago cha waya.

Pale chini palikuwa na kuta mbili za chupa zilizolala, zinakwenda mpaka giza linazimeza. "Za kulia zimetoka viwanda mbalimbali, hata hiyo uliyovunja," akasema. Kisha akageukia kushoto, akavua kinyago, akakitundika ukutani. "Hizi zina nukta tatu kwenye kitako. Nina miaka kumi na tisa hapa, haijapasuka hata moja. Huku tunapita na nyuso zetu. Sisi huwa tunasema, kule zinakotoka lazima kuna mtu."

Macho alipapasa kitako cha chupa iliyo karibu. Nukta tatu. Akapapasa ya pili, na ya tatu. "Zote?" akauliza.

"Zote."

"Mtu mwenyewe ndiye huyu," nikasema, kwa sababu najua yeye asingesema hata tungekaa pale mwaka.

Mzee wa watu alisogea. Alimshika Macho mkono kwa mikono yake yote miwili, akamtazama usoni, halafu akavuta chupa moja ukutani na kumpa. Macho aliiinua kwenye taa. Mwanga ulipita ukatua shavuni kwake, rangi ya asali. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na minne, na ile ndiyo mara ya kwanza kumwona ameinua kioo na hatafuti kitu. Nilimwogopa kidogo, kusema kweli, jinsi nilivyomheshimu.

Wakati wa kurudi, mpakani, tulipewa fomu zilezile. Nikanyoosha mkono kuchukua zote mbili kama kawaida. Macho akaivuta yake, akaegemea kaunta, akaandika polepole kwa ule mwandiko wake wa kuku. Mkaguzi wa chupa. Herufi zilitoka nje ya kile kisanduku zikaingia kwenye nafasi ya tarehe, na afisa akagonga muhuri juu yake.